Keki ya Wakwe na Mzunguko wa Dunia

Ukitaka kujua raha ya kusoma fizikia, usiniulize mimi nikiwa na njaa. Nakaa Mbagala kwa baba mdogo na nasoma Boko, yaani jiji zima limelala katikati yangu na darasa. Mtaani kwetu wameshaamua kwamba fizikia ni ufundi. Pasi ikikataa kushika moto inaletwa kwangu, redio ikikoroma inaletwa kwangu. Nikisema sijui kutengeneza pasi, wananitazama kwa huruma, halafu wanamwambia baba mdogo kwamba vyuo vya siku hizi vinakula ada tu.

Chuo chenyewe ni kidogo. Wanafunzi wa Biashara wamejaa mpaka wanachungulia madirishani, lakini sisi wa Fizikia mwaka wa tatu tuko wawili, mimi Tupokigwe na mwenzangu Jawad. Maabara tunagawana na kwaya ya chuo, kwa hiyo ukitafuta mizani unakuta kinanda. Mhadhiri wetu naye ni mmoja, Dokta Apolinari, mzee mwembamba kutoka Muleba, hana siku asiyovaa suti. Umpelekee hoja gani, jibu lake ni lile lile.

"Usinieleze. Nioneshe."

Mwaka huu Dokta anastaafu, na akiondoka yeye idara inafungwa. Mkuu wa chuo alitutangazia habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza kukatika kwa maji. Jawad alikuwa ameshamaliza mradi wake wa joto la mabati, akafaulu, akaanza kunenepa. Nilibaki mimi. Dokta alikuwa anakabidhi alama Jumatatu, na siku pekee ya kuuona mradi wangu ilikuwa Jumamosi. Nikifeli, hakuna mwalimu wa kurudia naye, na miaka yangu mitatu ya kulivuka jiji inageuka kuwa matembezi. Nilikuwa naogopa mpaka chakula hakipiti, na mie si mtu wa kuacha chakula.

Mradi wangu ulikuwa kuonesha kwamba dunia inazunguka. Kila mtu anasema inazunguka, lakini muulize kama amewahi kuiona. Njia ipo, nayo ni kongwe: unaning'iniza kitu kizito kwenye waya mrefu, unakiachia kibembee. Hiyo ndiyo pendulamu. Kile kitu kinashikilia njia yake ile ile, kwenda na kurudi, lakini sakafu chini yake inageuka pamoja na dunia. Kwa hiyo ukipanga chupa pembeni ya njia yake, baada ya muda kitazifikia na kuziangusha, na hapo hakuna aliyekisukuma ila dunia. Nilikuwa nimetazama video za Ulaya usiku na mchana. Kule chupa zinaanguka moja baada ya nyingine, watoto wa shule wanapiga makofi.

Shida ilikuwa dari. Waya mrefu unataka paa refu, na paa refu kuliko yote tuliyoyajua lilikuwa la ukumbi wa harusi wa Bi Thuraya, kule Bunju. Zamani ukumbi huo ulikuwa ghala la mbao, na vyuma vya kunyanyulia magogo bado vipo juu. Bi Thuraya ni shangazi yake Jawad. Alikubali, ila kwa sharti.

"Jumamosi nina harusi ya Wahaya," alisema. "Ikifika saa tisa nataka ukumbi wangu mweupe. Sitaki kuona hata uzi."

"Shangazi, hiyo kitu inaisha ndani ya nusu saa," Jawad alimwambia. Namshukuru kwa imani yake.

Kitu chetu kizito kilikuwa mpira wa miguu uliochakaa, tuliojaza zege. Jawad aliupaka rangi ya dhahabu iliyobaki kwenye geti la kwao, maana alisema sayansi nayo ina haki ya kupendeza. Tukauning'iniza kwa waya mwembamba wa chuma hadi usawa wa goti. Nikapanga chupa tupu za soda upande wa kulia wa njia yake, kwa mtu anayeelekea jukwaani, kama nilivyoona kwenye video. Mpira tuliufunga pembeni kwa uzi, kisha nikauchoma uzi kwa kiberiti, maana ukiuachia kwa mkono unaweza kuusukuma bila kujua. Uzi ukakatika, mpira ukaondoka taratibu kuelekea jukwaani, ukarudi, ukaondoka tena. Ulikuwa mzuri kweli. Hata Dokta, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na gazeti lake, alilikunja gazeti.

Nusu saa ikapita. Chupa zimesimama.

Saa nzima ikapita. Chupa zimesimama kama askari wa gwaride. Jawad alianza kuzitazama kwa namna ya mtu anayetaka kupiga chafya.

"Naona mpira," alisema Dokta Apolinari. "Dunia siioni."

"Bado kidogo, Dokta."

"Tupokigwe, tuko wapi?"

"Bunju, Dokta."

"Bunju iko wapi?"

"Ukishapita Boko..."

Alinitazama juu ya miwani. Mkongwe huyu hajawahi kunipa jibu tangu nimjue, anapenda ulihenyee mwenyewe. Nikakaa sakafuni nikaanza kufikiri. Kule kaskazini kwa wenye video, dunia inakigeuza chumba chako kama chapati juu ya kikaango. Lakini sisi tuko jirani na ikweta. Huku dunia inakubeba kama abiria, inakupeleka mbio, ila kukugeuza inakugeuza kidogo mno. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha. Kwa Dar es Salaam, mpira wangu ungehitaji zaidi ya wiki nzima kumaliza mduara mmoja. Chupa niliyodhani itaanguka ndani ya dakika kumi ilikuwa inahitaji masaa. Nilikuwa nimeiga mradi wa watu wa mbali bila kujiuliza kama jua letu linatuchoma wote sawa.

"Nahitaji muda, Dokta," nilisema. "Masaa kadhaa. Mpaka jioni."

"Mimi muda ninao. Ukumbi je?"

Ukumbi haukuwepo. Wapambaji walikuwa wameshaanza kushusha vitambaa na maua, na Bi Thuraya amesimama mlangoni anaigonga saa yake kwa ukucha. Jawad akachukua ngazi. Nilisimama pale nikitazama mguu wake unapanda, na nasema wazi kwamba machozi yalinilenga.

Ndipo akaingia Mama Auleria.

Huyu alikuwa shangazi wa bibi harusi, na ukimtazama tu unajua kwamba harusi ni yake, maharusi wameazimwa. Alikuwa na kilemba kinachohitaji mlango wake peke yake. Alifika katikati ya ukumbi, akauona mpira wa dhahabu unapita taratibu mbele yake, akasimama.

"Hiki ni kitu gani?"

Nikafungua mdomo kueleza habari za dunia, lakini mpambaji mmoja alinitangulia. "Sie hatukijui, mama. Tumekikuta."

"Mmekikuta!" Mama Auleria alikizunguka. "Harusi ya kina Clara walileta maporomoko ya maji ukumbini, tukasemwa mwezi mzima kwamba sisi hatuna jipya. Leo nipewe kitu kipya bure halafu kitolewe? Wewe kijana, shuka kwenye hiyo ngazi!"

Jawad alishuka upesi kuliko alivyopanda.

"Lakini mama, hiki ni cha..." nilianza.

"Ni chako? Hongera mwanangu. Kinabaki. Kinahitaji nini?"

Kuna maswali ambayo mtu huulizwa mara moja tu maishani. "Kisiguswe na mtu," nilisema. "Na feni zizimwe. Hakipendi upepo."

"Zizimwe!"

Bi Thuraya alianza kusema habari za wageni na joto, kisha akakumbuka bili ya umeme, akanyamaza. Tukaurudisha mpira kwenye njia yake ya mwanzo, nikachoma uzi mpya huku wapambaji wakipiga kelele za moto, na safari ikaanza upya. Walizungushia mduara wa maua mahali pote ambapo mpira unafika, kati ya wageni na meza kuu, ili mtoto asije akajitosa. Chupa zangu za soda walizivika utepe. Mama Auleria alizipenda, alisema ni ubunifu.

"Dokta, sisi hatukualikwa," nilimnong'oneza.

"Mimi nimevaa suti," alijibu, akahamia meza ya mbele.

Harusi za Dar zinajulikana. Kadi inasema saa kumi na moja, wageni wanafika saa kumi na mbili, maharusi wapo saluni. Siku zote nimekuwa nikizilaani. Jioni hiyo niliombea kila gari la wageni likwame Tegeta, maana kila dakika ya kuchelewa ilikuwa ya kwangu. Nilisimama ukutani na dera la kuazima ambalo Jawad alinichomolea kwa shangazi yake, nikitazama chupa, mpira, chupa, mpira.

MC Didas alipofika na koti lake linalometameta, aliutazama mpira mara moja tu akajua la kusema. MC wa kweli haulizi.

"Mabibi na mabwana, huu ni Mpira wa Upendo! Unaenda kwao, unarudi kwetu! Unaenda kwa wakwe, unarudi nyumbani! Haujawahi kuonekana Bunju, haujawahi kuonekana Tanzania!"

Vigelegele. Maharusi wakatakiwa waingie wakicheza kwa mwendo wa mpira. Sasa mpira wenye waya mrefu hauna haraka, na DJ alikuwa amepanga singeli. Ikabidi atafute wimbo wa polepole, na maharusi wakaingia kwa mwendo wa msiba mpaka bibi harusi akamkata MC jicho. Joto nalo lilikuwa limepanda, wageni wanajipepea kwa kadi. Mimi nikipita nasema, "Samahani, pepea taratibu," watu wananishangaa.

Hapo ndipo nilipoona jambo lililonifanya nishike ukuta.

Mpira ulikuwa umehama, tena umehama kweli, si macho yangu. Lakini haukuwa unakwenda kwenye chupa. Ulikuwa unaziacha. Kila ukielekea jukwaani ulikuwa unalalia kushoto kidogo zaidi, na chupa zangu na utepe wake zilizidi kubaki mbali. Nikajipiga paji la uso. Kaskazini ya ikweta mpira unaelekea kulia. Sisi tuko kusini! Huku unaelekea kushoto. Chupa zile zingesimama pale mpaka siku ya kiama.

Na upande wa kushoto, karibu na jukwaa, ndani kabisa ya mduara wa maua, upana wa kiganja tu kutoka njia ya mpira, wapambaji walikuwa wameweka kistuli cha kioo ili kamera ichukue vyote viwili kwa pamoja. Juu ya kistuli kulikuwa na keki ndogo nyeupe yenye ua la sukari pembeni. Keki ya wakwe, ile ya heshima wanayokabidhiwa wakwe mbele ya ukumbi mzima.

Nilimvuta Jawad nyuma ya nguzo nikamwonesha.

"Tupokigwe, si safi hiyo? Keki ndiyo chupa yako sasa."

"Ni keki ya wakwe, Jawad! Mpira wa zege!"

"Unapita taratibu pale, utailamba tu. Ishu ni kwamba wakiikata kabla mpira haujafika, umekwisha. Ngoja niisogeze kidogo, kidole kimoja tu, hakuna atakayeona."

Niliwaza. Sitajifanya malaika, niliwaza kwa sekunde nzima. Kisha nikamwona Dokta Apolinari mezani kwake. Sahani ya pilau ilikuwa imepoa mbele yake, haijaguswa. Miwani alikuwa ameivua, ameifuta, ameivaa tena, na macho yake hayakuwa kwenye chupa. Yalikuwa kwenye keki. Mzee alikuwa ameshajua zamani.

"Usiguse," nilimwambia Jawad. "Ukiisogeza wewe, dunia haijazunguka. Umezunguka wewe."

"Basi tuombe wachelewe."

MC akashika kipaza sauti. "Na sasa, kabla ya keki, namkaribisha mwenyekiti wa kamati ya harusi, Mzee Leodegar, kwa maneno mafupi sana!"

Maneno mafupi sana. Ukumbi mzima uliguna, mimi peke yangu ndiye niliyefurahi. Mzee Leodegar alipanda na miwani na karatasi, akaanza na kikao cha kwanza cha kamati. Akaja kikao cha pili. Akaeleza mvua iliyonyesha siku ya kikao cha tatu na nani alifika amelowa. Wageni walipiga makofi ya kumfukuza, yeye akadhani anashangiliwa, akaongeza kikao cha nne. Nilimpenda mzee yule kama babu yangu. Jawad alichukua chupa ya maji, akampelekea kwa heshima zote, na kumnong'oneza, "Shikamoo mzee. Huku nyuma wanasema uwaeleze na ile ya ukumbi." Akaeleza ile ya ukumbi.

Mpira ulikuwa unachoka. Mbembeo wake ulikuwa umefupika, na nilianza kuogopa kwamba utaishiwa nguvu kabla ya kufika. Ulipita karibu na keki, ukarudi. Kati yao sasa ungeweza kupitisha kidole. Kisha ungeweza kupitisha kadi. Nilikuwa nimeuma pindo la dera la Bi Thuraya.

"Nimalizie kwa kusema..." alisema Mzee Leodegar, na roho ikaniruka.

"Tunashukuru sana mwenyekiti!" MC Didas alimpokonya kipaza sauti. "Keki! Maharusi, matroni, wapambe, tusogee kwenye keki! Mama Auleria, karibu!"

Waliinuka. Mama Auleria aliongoza, kilemba mbele, kisu chenye utepe mkononi. Mpira ulikuwa unatoka upande wa wageni, umeelekea jukwaani. Haukuwa na haraka yoyote, kama siku zote. Ukapita kwenye keki na kuigusa kwa shavu lake tu, na kwenye ile dhahabu ya geti la kina Jawad kukabaki mstari mweupe wa krimu.

Mama Auleria alisimama. Ukumbi ukanyamaza. Mpira ukafika mwisho wake, ukageuka, ukarudi, ukailamba tena, na lile ua la sukari likadondoka sakafuni.

"Nani ameusukuma?" aliuliza Mama Auleria polepole, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Nilijua ni zamu yangu, nikajitoa ukutani. "Hakuna mtu, mama. Ni dunia."

Kabla hajapata la kunifanya, makofi yalisikika. Yalikuwa ya mtu mmoja. Dokta Apolinari alikuwa amesimama mezani kwake anapiga makofi, na machozi yanamtiririka waziwazi mpaka kwenye tai. Miaka mitatu sijawahi kumwona hata akitabasamu sawasawa.

"Maisha yangu yote nimeifundisha hii," alisema, hakuwa anamwambia mtu. "Ubaoni. Ubaoni tu. Leo ndiyo naiona."

MC Didas ni mtu wa kazi. Alimwona mzee wa suti anatokwa machozi, akaona keki imelambwa, akaona Mama Auleria na kisu, akajua ana pumzi moja ya kuokoa harusi.

"Mpira wa Upendo umeonja kwanza!" alipaza. "Umeonja keki ya wakwe, umeridhika! Wazee wanalia kwa furaha! Mbona nyie mmenyamaza? Vigelegele viko wapi?"

Vikatoka. Vilianzia meza ya wakwe wenyewe, vikashika ukumbi mzima mpaka mabati yakatetemeka. Hata Bi Thuraya mlangoni alipiga, na Mama Auleria alipoona wakwe wamefurahi alishusha kisu, akavuta pumzi, akapiga chake kirefu kuliko vyote. Nilisimama katikati yao nikacheka huku nalia, maana hakuna aliyejua anashangilia nini isipokuwa sisi watatu. Dunia imezunguka na Bunju miaka yote hiyo, na nadhani ndiyo mara ya kwanza Bunju kuipigia vigelegele.

Dokta alizunguka mduara wa maua akanijia. Aliinama, akaliokota ua la sukari, akalifunga kwenye leso na kulitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha alinipa mkono kama mtu anavyompa mkono mwenzake wa kazi.

"Umefaulu, Tupokigwe," alisema. "Ila kaziondoe zile chupa. Zinasubiri dunia ya Ulaya."